Mwaka wa Mafuta ya Moshi

Siku ya kumzika Kogo, mchungaji aliwaita wafiwa mmoja mmoja wasimame karibu na jeneza. Aliwaita watoto, akawaita wajukuu, akauita ukoo wa mume wa marehemu aliyetangulia zamani. Alipofika kwangu alikohoa, akatazama karatasi yake, akanitazama mimi, mwishowe akasema, "Na mama ya watoto wa marehemu." Wageni waliotoka mbali waligeukiana, maana marehemu akiwa mwanamke, mama ya watoto wake tena ni nani? Kwa Wakipsigis hakuna fumbo hapo. Mwanamke aliyekosa mtoto anaweza kumuoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Kogo Taplelei alinioa mimi. Mimi ni mjane wake, ingawa mchungaji hakuwa na ulimi wa kulitamka neno hilo mbele ya waumini, na simlaumu, kila mtu na kazi yake.

Sasa wageni wamerudi kwao, hema zimekunjwa, na nyumba imenipwaya. Binti yangu Chelangat hunipigia simu kutoka Nakuru kila jioni akitaka nifunge milango niende nikakae naye, nami kila jioni namuuliza ng'ombe atakamuliwa na nani. Ukweli ni kwamba ng'ombe angekamuliwa na yeyote. Sitaki kuondoka, basi. Nyuma ya jikoni, kwenye kibanda cha mabati, mashine ya kukamulia mafuta bado imesimama na kutu yake, na kuku wamefanya kile kinywa cha kutilia mbegu kuwa mahali pa kutagia. Juzi niliingia kuokota mayai, nikajikuta nimekaa juu ya gunia tupu hadi chai ikapoa jikoni. Nilikuwa nakumbuka mwaka ule wa katikati ya miaka ya tisini, nilipofika hapa. Sijawahi kuwa mpweke kama mwaka ule, na ningepewa kuurudia, ningeurudia kesho asubuhi.

Habari za kwetu Kisii nitaziruka. Zina wenyewe wa kuzisimulia, na wengine wao wako hai na wana hasira. Itoshe kusema nilikuwa msichana aliyemaliza shule, nikachuma majani chai katika shamba kubwa upande wa Kericho huku nikiishi na binamu yangu kwenye nyumba za wafanyakazi, na binamu alipopata mume, mume hakunihitaji. Sokoni Kapkatet niliambiwa kuna mama juu ya kilima anatafuta mtu mwenye mikono. Mapigano ya mpakani kati ya watu wetu na Wakipsigis yalikuwa yametulia wakati huo, lakini watu walikuwa bado wanakutazama uso kwanza ndipo waitikie salamu. Nilimkuta mwanamke mrefu, mkavu, kitambaa kimemshuka hadi kwenye nyusi, akivuta mkono wa chuma, akiuachia, akizunguka mbio kutia mbegu, akirudi mbio kuvuta. Kazi ya watu wawili alikuwa anaifanya peke yake na kuigombeza.

"Wewe unajua hii kazi?" aliniuliza bila kusimama.

"Sijui, Mama."

"Mzuri. Yule wa kwanza alikuwa anajua, akatoroka. Shika hapa."

Nikashika. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira. Mashine haikuwa na injini. Ilikuwa chuma kizito kilichofungwa kwenye gogo, chenye mkono mrefu kuliko mtu. Ukiushusha mkono, kuna chuma kingine ndani kinachosukuma mbegu za alizeti na kuzibana kwenye kizimba cha pao nyembamba. Mafuta hupenya kwenye nyufa yakadondoka katika beseni, na makapi hutoka upande wa pili yameshikamana, meusi na ya moto. Makapi hayo ndiyo mashudu, chakula cha ng'ombe. Mashine ilikuwa imeletwa na watu wa mradi kwa kikundi cha akina mama wa kanisa, ikapokelewa kwa nyimbo na picha. Baada ya misimu miwili wenzake walikuwa wameumwa mabega wakarudi kwenye chai yao, na Mama Taplelei, ambaye hakuwa na mtu wa kumpikia akichelewa, akabaki nayo.

Hilo la kutokuwa na mtu nililisikia kwanza kwenye majina. Huku mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake. Waliokuja kukamua walikuwa Bot Kiprono, mama yake Kiprono, na Bot Chepkemoi, na Bot nani na nani. Hata msichana wa umri wangu aliyekuwa na mtoto mgongoni alikuwa Bot mtu. Yeye peke yake, mwenye mvi, aliitwa Taplelei, jina lake la utotoni, na watoto wadogo walilitaja hivyo hivyo kwa adabu, kwa sababu hapakuwa na lingine. Aliitikia kila mara. Lakini niliuona uso wake akiitikia, na nikaanza kumwita Mama kwa kusudi, kwa sauti, hasa wakiwepo watu. Jina la Kogo, yaani nyanya, lilikuja baadaye na watoto.

Nililala kwenye chumba kilichopakana na jikoni, ukuta wa mbao katikati, na kupitia nyufa zake moshi ulinijia kabla ya mwanga. Tulikula pamoja bila maneno mengi. Kuna mboga moja chungu ambayo wao huiita isagek na sisi chinsaga, na wote tunaipika kwa maziwa. Siku ya kwanza aliponiwekea, nililitaja jina letu kabla sijajizuia. Alitazama sahani, akanitazama, akasema, "Hata kwenu iko?" Nikasema iko. "Basi kula." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya wiki. Yeye alikula ameelekea mlango, mimi nimeelekea moto. Jumapili alikaa kiti cha mbele kanisani kwa sababu alikuwa kiongozi wa akina mama, na mimi nilikaa benchi la nyuma kabisa, nikifuata nyimbo za Kipsigis kwa kufungua na kufunga mdomo. Watu walinisalimu vizuri, wakanipita. Kuna upweke wa mtu aliyefukuzwa na kuna wa mtu aliyekaribishwa hadi mlangoni tu, na huu wa pili ndio uliokuwa wangu.

Sasa niseme kosa letu, maana lilitufanya tuwe tulivyokuwa. Alizeti haikamuliki ikiwa na unyevu. Inataka kukauka, tena ipate jua mpaka ukitia mkono kwenye gunia uhisi joto. Mbegu baridi utaivuta mpaka mabega yalie na beseni libaki kavu. Na nchi inayopendwa na majani chai haina huruma na alizeti. Asubuhi jua, tunatandaza mkeka. Chakula cha mchana hakijashuka tumboni, mvua hiyo, tunakimbia na mkeka ndani. Wakulima walichoka kukimbia. Wakafanya walivyofanya mama zao na mahindi: wakapandisha alizeti darini, juu ya moto wa jikoni. Mahindi hukauka vizuri pale, na moshi huwafukuza wadudu. Lakini alizeti ni mafuta mwili mzima, na mafuta hushika harufu asivyoweza kushika mtu. Magunia yalipofika, Mama Taplelei aliuma mbegu moja, ikalia, akasema, "Hii ndio kavu." Hakunusa. Mimi pia sikunusa. Pua zetu zilikua jikoni, na kwetu harufu ile ilikuwa harufu ya nyumba tu.

Tulikamua kwa furaha. Mkono wa mashine ulishuka kama umepakwa sabuni. Mafuta yalitoka rangi ya chai ya kuchemka sana, nasi tukasema ni mbegu nzuri, tukayaacha yatulie hadi tope likakaa chini, tukayachuja, tukayatia chupani na kuwapelekea wateja wetu wa mjini, walimu na wauguzi, ambao majiko yao hayakuwa na dari. Yalirudi haraka kuliko yalivyokwenda. Mwalimu mmoja wa kike aliiweka chupa yake mezani taratibu, kwa heshima. "Mama Taplelei, nimepika chapati, watoto wakaniuliza ni nani amechoma mkeka." Wa kanisani nao walisema, kwa sauti ya kumwombea, kwamba mafuta ya Taplelei yananuka moshi wa darini. Yeye alisimama katikati ya mitungi akafungua mmoja, akavuta pumzi kwa nguvu, akanipa mimi ninuse. Tulitazamana. Hatukusikia kitu. Hapo ndipo nilipomsikia akicheka mara ya kwanza, kicheko cha chini kisichotaka kuonekana, na mimi nikacheka mpaka nikakaa chini.

Kilichotuokoa ni ng'ombe. Hii ni nchi ya maziwa, na ng'ombe hajali chapati. Kabla jua halijapanda wanaume walikuwa mlangoni na magunia, wengine wametoka hadi upande wa Sotik, wakitaka mashudu. Tuliyavunja kwa mchi, wakayabeba yakiwa bado na joto. "Tuko na mafuta pia, mzuri," Mama aliwaambia, mwanzoni. "Wewe weka tu hiyo. Nipe ile ya ng'ombe." Basi mashine iliyoletwa kwa ajili ya mafuta ikawa inakamua chakula cha mifugo, na mafuta ndiyo yakawa makapi. Tukayala sisi. Tulikaangia viazi, tukakaangia mayai, tukatia kwenye maharagwe, tukapaka miguu wakati wa kiangazi. Ukinywa mursik, maziwa yale ya kibuyu yenye majivu ya mti, juu ya viazi vilivyokaangwa kwa mafuta yale, ulimi unashindwa kujua umelamba chakula au jiko. Nilinenepa. Tulianza kukaa tukielekeana, kwa sababu sufuria ya kukaangia iliwekwa katikati na kila mmoja alichovya upande wake.

Katika kufanya kazi na watu wa mashudu nilijifunza Kipsigis bila kumwambia mtu. Haikuwa siri; hakuna aliyeuliza. Ndiyo sababu siku ile walisema yote.

Kulikuwa na Kipkoech, mtoto wa ndugu ya marehemu mume wa Mama. Alilima chai upande wa pili wa ua, na ndiye aliyekuwa arithi shamba kama Mama angekufa bila mtoto. Hakuwa mtu mbaya, na nalisema hilo kwa sababu watu wakisikia hadithi hii hupenda awe mbaya. Alimlimia Mama bila kuombwa, na alingoja zamu yake kwa subira. Alasiri hiyo alikuja, wakakaa jikoni, mimi nikiwa chumbani kwangu nikishona magunia. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na mvua ya huku ikipiga mabati watu wa nyumba moja huongea kama wanaoitana ng'ambo ya bonde. Halafu ikakatika ghafla, inavyokatikaga, na maneno yaliyokuwa yamekwisha kutolewa yakabaki bila kifuniko.

"Nitamuoa huyu!" ilikuwa sauti ya Mama, kwa Kipsigis, inashindana na mvua ambayo haikuwepo tena.

Kisha Kipkoech akasema polepole, "Huyu wa mashudu? Si wa kwetu."

"Wa kwetu ni gani? Wa kwetu wanapita hapa wakienda kanisani. Hawaingii."

"Na kanisa lenyewe?"

"Kanisa litanitoa kwa uongozi. Nitakaa nyuma."

"Na akikataa?"

"Akikataa, shamba ni yako, Kipkoech. Na hii nyumba utaivunja, upande majani chai."

Sindano ilikuwa imeingia kidoleni na sikuwa nimeihisi. Kwanza niliogopa. Mila hii hata kwetu ipo. Nilimjua mwanamke mmoja wa kilima chetu aliyeolewa hivyo, na nilijua kwamba kuna mwanamume anayeingia usiku ili watoto wapatikane, na kwamba mara nyingi si yeye anayemchagua. Nililia kidogo juu ya gunia. Halafu, na hili linanishangaza hadi leo, nikafurahi. Katika maisha yangu yote hadi siku hiyo nilikuwa nimekaa kwa watu waliokuwa wananivumilia. Sikuwahi kumsikia mtu akinitaka kwa sauti ya juu namna ile, tena akiwa tayari kupoteza kiti chake cha mbele kwa sababu yangu.

Nikangoja aniulize, naye asiniulize. Mvua ziliisha, alizeti mpya ikachanua mashambani, kazi ikaendelea. Alipoita "Moraa!" moyo wangu uliruka, kumbe anataka ungo. Nilianza kumtazama akitia mbegu, akifunga kitambaa, akimtukana jogoo, nikijiuliza kama ningeweza kuzeeka karibu na mtu huyu, na kila jibu lililokuja nililitilia shaka, kwa sababu msichana asiye na mahali hawezi kuamini moyo wake. Huenda ni tumbo linaloongea. Ule ndio upweke mkubwa kuliko wote wa mwaka ule, kujua jambo linalonihusu mimi na kula nalo sahani moja kila jioni bila kulitaja. Nilikonda tena, pamoja na mafuta yote yale.

Aliniuliza asubuhi moja ya jua, mkeka umetandazwa uani. Alitoa kiti ndani, kile cha wageni, akakiweka mbele ya gunia nililozoea kukalia.

"Kaa kwa kiti."

Nikakaa. Yeye akabaki amesimama.

"Moraa, wewe unasikia Kipsigis."

"Kidogo, Mama."

"Si kidogo. Juzi nilitukana jogoo, ukacheka." Aligeuza mbegu kwa mguu. "Basi ulisikia ile siku ya mvua."

"Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uniulize."

"Na mimi nilikuwa nangoja utoroke. Nilisema, kama amesikia na hataki, atatoroka kama yule mwingine. Kila asubuhi naamka naangalia kama viatu yako iko mlangoni." Alimfukuza kuku mmoja kutoka mkekani. "Sasa sikia. Watu watakuambia mtu fulani anafaa, ametoka boma mzuri. Kipkoech atasema, wazee watasema. Usisikize. Hakuna mwanaume ataingia kwa hii boma kama si wewe umemuita. Hata mimi sitakuchagulia. Na akikusumbua, mimi niko."

Sikuwa nimetegemea hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi usiku na mchana, lakini hilo la kuchagua sikuwa nimeliweka hata kwenye ndoto. Niliangalia mikono yangu, nikasema, "Nakubali, Mama."

Hakutabasamu. Alichuchumaa mbele yangu, magoti yakalia, akanitazama kama alivyozoea kutazama mbegu kabla ya kuiuma.

"Unakubali kwa sababu unapenda kukaa na mimi, ama kwa sababu huna mahali pa kwenda?"

Ningeweza kusema uongo mtamu, na angeuhitaji. Lakini sikuwa na hakika hata kama ungekuwa uongo.

"Sina mahali pa kwenda, Mama."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akanishika goti ili ainuke.

"Ni sawa," akasema. "Hata mimi niliolewa hivyo."

Wazee walikuja, tukafungana nyasi ya segutiet mikononi kama bwana na bibi harusi wowote wa huku, Kipkoech akanywa chai akaenda zake bila ugomvi. Kanisa lilimtoa Mama kwenye uongozi, kama alivyosema. Jumapili iliyofuata alipita kiti cha mbele bila kugeuza shingo, akaja hadi benchi la nyuma, akanisukuma kwa nyonga ili nimpishe, akafungua kitabu cha nyimbo akakishikilia katikati yetu. Akaniwekea kidole chini ya maneno. Watoto walikuja kwa wakati wao, na baba zao ni habari yangu. Hakuna aliyeingia hapa bila kuitwa. Yeye akawa Kogo kwao, kisha kwa kijiji kizima, na jina la Taplelei likabaki kwenye kitambulisho.

Swali lile la kama napenda kukaa naye aliniuliza mara moja tu. Jibu langu lilibadilika, siwezi kusema ni lini. Huenda ni wakati alipombeba Chelangat akiwa na homa hadi hospitali, huenda ni siku isiyo na jina tukila viazi. Nilikuwa nimezoea kungoja niulizwe, nikangoja aniulize tena. Miaka ikapita tukiwa na mazungumzo ya ng'ombe na karo na chai, mwili wake ukaisha, mikono yake ikawa myepesi mikononi mwangu, na nilimlisha, nikamwosha, nikamgeuza kitandani. Hakuniuliza. Amezikwa akiwa na lile jibu la kwanza.